AJALI YA MASHINE INA KINGA





Uko msemo tuliouzoea sana tunapokwenda kumpa pole mtu aliyeumia: ajali haina kinga. Tunausema kwa nia njema, ili kumfariji mgonjwa na kuwatuliza jamaa zake. Lakini msemo huo ukisemwa mbele ya kijana aliyepoteza vidole katika mtambo usio na kifuniko, anayefarijika ni mwenye mtambo. Yeye ndiye anayeondolewa lawama. Kijana anabaki na mkono uliokatika, na pengine na shutuma kwamba hakuwa mwangalifu.

Tunataka katika toleo hili tuutafakari msemo huo kwa makini. Zipo ajali zisizo na kinga. Ajali ya mashine mbovu si mojawapo. Ajali hiyo ina kinga, tena kinga ya kushikika kwa mkono: kifuniko cha bati juu ya mkanda unaozunguka, wavu mbele ya gea, swichi ya kusimamisha mtambo inayofanya kazi, kufuli linalozuia umeme kuwashwa wakati fundi angali ndani. Vitu hivi visipokuwapo, kuna mtu aliyeamua visiwepo, au aliyeona havipo akanyamaza.

VIJANA WETU NA KAZI ZA GESI NA MAFUTA

Tumechagua kuzungumzia jambo hili kwa kutazama kazi za gesi na mafuta, kwa kuwa huko ndiko vijana wengi wanakotazamia kupata riziki. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982 na uzalishaji ukaanza mwaka 2006. Bomba la kupeleka gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Kwa jirani zetu wa Uganda, mafuta yenye faida ya kibiashara yaligunduliwa kandokando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na mwaka 2023 mitambo ikaanza kuchimba visima vya uzalishaji. Bomba lenye urefu wa kilometa 1,443 limekusudiwa kuyafikisha mafuta hayo Chongoleani, Tanga.

Hatusemi kwamba kazi hizi ni mbaya. Mali iliyomo ardhini ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kazi ya halali ni heshima kwa mwanadamu. Vijana wanaoajiriwa kuwa vibarua, wachomeleaji, wasaidizi wa mafundi na waendesha winchi wanazilisha familia, wanawasomesha wadogo zao na kuzitegemeza parokia zao. Kwa sababu hiyo hiyo, mikono yao inatuhusu sote. Mkono wa kijana mmoja unapokatwa, si yeye peke yake anayeumia: nyumba nzima inapungukiwa na chakula, mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule, na mzazi mzee anakosa dawa.

MKONO KATI YA CHUMA NA CHUMA

Wengi wetu hatujapata kuona jinsi kisima cha gesi au mafuta kinavyochimbwa. Kisima hushuka ardhini maelfu ya mita, na kifaa cha kutobolea huteremshwa kwa mabomba ya chuma yanayounganishwa moja baada ya jingine, kila bomba likiwa na urefu wa kama mita 9. Kila kiungo cha mabomba lazima kikazwe, na mabomba yanapotolewa kila kiungo lazima kilegezwe. Wafanyakazi husimama kuzunguka tundu la kisima wakishika kabari za chuma zinazolizuia bomba lisidondoke, na koleo kubwa zinazoning'inia kwa waya. Mikono yao hupita kati ya chuma na chuma mara nyingi kwa zamu moja, mchana na usiku, katika tope, mafuta na mtetemo.

Haishangazi basi kwamba taarifa za chama cha kimataifa cha wakandarasi wa kuchimba visima zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa vidole na mikono ndivyo vinavyoumia kuliko kiungo kingine chochote. Koleo lililolika meno huteleza na kurudi kwa kishindo. Winchi yenye breki iliyochakaa huachia mzigo. Mkanda wa pampu uliovuliwa kifuniko ili upate kutengenezwa kwa urahisi, kisha kifuniko kisirudishwe, hunasa glavu na kuuvuta mkono pamoja nayo.

Liko pia jeraha moja ambalo wengi hulidharau, nasi twaomba lieleweke katika kila familia yenye mtu anayefanya kazi na mitambo ya haidroliki. Mpira uliochakaa unaweza kutoboka tundu dogo kama la sindano. Mafuta yaliyomo ndani, kwa nguvu ya mgandamizo, huruka na kupenya ngozi ya mtu anayepapasa kutafuta mahali panapovuja. Kwa nje huonekana alama ndogo tu, na maumivu ya mwanzo huenda yakawa madogo. Lakini mafuta hayo husambaa ndani ya kidole na kuziua nyama. Mtu huyo anahitaji daktari wa upasuaji saa ile ile. Akipewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi kazini, anaweza kupoteza kidole au mkono mzima.

Historia ya kazi hii inatupa fundisho kubwa. Kwa miongo mingi mabomba ya kisima yalikazwa kwa mnyororo. Mfanyakazi aliuzungusha mnyororo kwenye bomba la chini, akaurusha upande bomba la juu, kisha winchi ikauvuta kwa nguvu ili bomba lizunguke na kujikaza kama kifuniko cha chupa. Aliyechelewa kuondoa mkono, au aliyenaswa glavu, alikatwa vidole. Kila mtu katika kazi hiyo aliijua hatari ya mnyororo. Tangu miaka ya 1970 kumekuwapo mashine inayolishika bomba na kulikaza bila mkono wa mtu kukaribia. Hata hivyo mnyororo haukuachwa mara moja. Uliendelea kutumika mahali pengi kwa miaka mingi baadaye, kwa kuwa mnyororo ni rahisi na mashine ile ni ghali.

Wala tusidhani kwamba mtambo ukitoka nchi tajiri unakuja na usalama wake. Marekani, ambako kazi hii ina historia ndefu, ilitoa mwaka 1989 kanuni ya kuwalazimu waajiri kuzima na kufunga kwa kufuli nguvu zote za mtambo kabla fundi hajaugusa. Kanuni hiyo iliacha nje uchimbaji na utengenezaji wa visima vya mafuta na gesi. Tunalitaja jambo hilo ili waamini waelewe kwamba usalama hauji wenyewe pamoja na utajiri. Unadaiwa, unaandikwa katika sheria, na unasimamiwa.

NG'OMBE MWENYE MAZOEA YA KUPIGA PEMBE

Maandiko Matakatifu hayakunyamaza juu ya jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Torati inamzungumzia ng'ombe aliyempiga mtu pembe. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwa na tabia hiyo, mwenye ng'ombe hahesabiwi kuwa na hatia ya damu. Lakini ikiwa ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe akaonywa, naye hakumfunga, hapo hukumu inabadilika kabisa: mwenye ng'ombe anawajibika kwa damu iliyomwagika. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Ndugu wapendwa, tuyapime mashauri haya mawili. Torati haimuulizi aliyepigwa pembe kwa nini alipita karibu na ng'ombe. Haimuulizi aliyeanguka darini kwa nini hakuwa mwangalifu. Inamuuliza mwenye ng'ombe: Je, ulionywa? Inamuuliza mwenye nyumba: Je, uliweka ukingo? Hayo ndiyo maswali yanayopaswa kuulizwa kwanza kila mara mashine inapomjeruhi mtu. Kama mtambo uliwahi kumbana mwingine mwezi uliopita, kama fundi aliandika katika daftari kwamba breki haishiki, kama wafanyakazi walimwambia msimamizi naye akajibu kwamba kazi haiwezi kusimama, basi mwenye mtambo alikwisha kuonywa.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanakwenda njia hiyo hiyo. Tangu Waraka Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, mwaka 1891, Kanisa limekataa mfanyakazi afanywe kuwa chombo cha kuchumia faida. Papa Yohane Paulo II, katika Waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba mfanyakazi hutangulia mtaji. Katika haki za wafanyakazi alizozitaja, imo haki ya kufanya kazi mahali na kwa namna isiyoharibu afya ya mwili. Mashine ni mtaji. Mkono ni mtu. Pale ambapo mkono unahatarishwa ili mashine isisimame, utaratibu uliowekwa na Mungu umepinduliwa.

SHERIA INASEMAJE

Wako wanaodhani kwamba kudai kinga kwenye mashine ni jambo geni, au ni uchochezi. Sivyo. Hata Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa wakati wa ukoloni, iliwataka wenye viwanda Tanganyika kuzuia kwa uzio sehemu za hatari za mashine. Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 119 kuhusu kinga za mashine. Mkataba huo haumgusi mwajiri peke yake. Unataka hata kuuza au kukodisha mashine yenye sehemu za hatari zisizokingwa kupigwe marufuku. Basi anayeingiza mtambo mkuukuu uliovuliwa kinga zake na kuuuza kwa bei nafuu hana pa kujificha. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO uliiweka haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuziheshimu.

Kwa Tanzania Bara, sheria inayotumika ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Sheria hiyo inadai mahali pa kazi pasajiliwe na kukaguliwa, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wa usalama na afya. Mkaguzi ana mamlaka ya kuzuia mtambo wa hatari usitumike.

Kuhusu fidia, hali ya zamani ilikuwa ya kusikitisha. Chini ya sheria ya fidia iliyorithiwa kutoka ukoloni, kiwango cha juu kabisa cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilibaki shilingi 108,000 hata fedha ilipokuwa imepoteza thamani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, ilibadili mambo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ukaanza kazi Julai 2015. Michango ya Mfuko hutolewa na mwajiri, wala haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, hadi miezi 24, na hutoa malipo kwa ulemavu wa kudumu: mkupuo kwa ulemavu mdogo, pensheni ya kila mwezi kwa ulemavu mkubwa. Aliyeumia hahitaji kwanza kushinda kesi ya kuonyesha kosa la mwajiri. Ajali inapaswa kutolewa taarifa mapema, na dai lisicheleweshwe kupita miezi 12.

Fidia hiyo ni jambo jema, lakini isitumike kufunika kosa. Vidole vikilipiwa na mtambo ukaachwa vile vile, tumenunua tu nafasi ya kumjeruhi mwingine. Afrika Kusini, katika sheria yake ya fidia ya mwaka 1993, imeliona jambo hili: ajali ikitokana na kasoro ya mashine ambayo mwajiri aliijua au alipaswa kuijua na hakuirekebisha, aliyeumia anaweza kudai nyongeza juu ya fidia ya kawaida. Hiyo ndiyo hekima ya kitabu cha Kutoka ndani ya sheria ya leo.

KWA NINI TUNANYAMAZA

Ikiwa Maandiko yako wazi na sheria ipo, kwa nini mikono inaendelea kukatwa? Sababu ya kwanza ni hofu. Kibarua anayeajiriwa na mkandarasi mdogo, aliyepewa kazi na mkandarasi mkubwa, aliyepewa kazi na kampuni, anajua kwamba nje ya lango wako wengine mia wanaoingoja nafasi yake. Akisema breki haishiki, kesho haitwi. Kila mmoja katika mlolongo ule humsukumia mwenzake wajibu, na mwisho wa mlolongo husimama mtu mwenye mikono miwili na hana mkataba wa maandishi.

Sababu ya pili ni bahasha. Msimamizi hufika hospitalini na kiasi fulani cha fedha, akaomba yaishe kifamilia. Mama mwenye watoto wenye njaa huzipokea. Hatumlaumu. Lakini mara nyingi bahasha hiyo ni sehemu ndogo sana ya haki, na huambatana na karatasi ya kutia sahihi ambayo hakuna aliyeisoma.

Sababu ya tatu iko kwetu sisi jumuiya. Tunapouita msiba huo mapenzi ya Mungu, tunamsingizia Mungu uamuzi uliofanywa ofisini na mwanadamu. Bwana wetu alipomkuta katika sinagogi mtu aliyepooza mkono, hakumwacha pembeni. Alimwita asimame katikati, mbele ya macho ya wote, na pale pale akamponya, ingawa alijua kwamba wapo waliokuwa wakimvizia. Nasi tunao wenzetu wanaouficha mkono chini ya kitenge au mfukoni wakati wa kutakiana amani. Yatupasa kuwaita katikati.

TUFANYE NINI

Tunapendekeza mambo haya kwa jumuiya ndogo ndogo, vigango na halmashauri za walei:

1. Kila parokia iwe na watu wawili au watatu walioelewa taratibu za OSHA na WCF, ili aliyeumia apate mtu wa kumsaidia kuandika na kufuatilia.

2. Ajali ikitokea, mambo yaandikwe siku ile ile: tarehe, saa, jina la mtambo, kasoro iliyokuwapo, nani aliwahi kuitolea taarifa, na majina ya walioshuhudia. Karatasi za hospitali zitunzwe. Asiyejua kuandika aandikiwe na katekista au mwanajumuiya.

3. Mtu asitie sahihi karatasi yoyote akiwa kitandani mwa hospitali kabla haijasomwa na mtu anayemwamini.

4. Anayeona mtambo mbovu asisimame peke yake. Wafanyakazi waseme kwa pamoja, kupitia mwakilishi wao wa usalama au chama chao. Anayeachishwa kazi kwa kusema ukweli akumbuke kwamba ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

5. Wanandoa waelewe kwamba kuvua pete kabla ya kuingia kazini si kuidharau Sakramenti. Pete ikinaswa na chuma huweza kukichuna au kukinyofoa kidole. Agano halimo katika dhahabu.

6. Waamini walio mafundi, wasimamizi na waajiri wachunguze dhamiri zao mintarafu jambo hili. Kuagiza kinga iondolewe ili kazi iende haraka ni dhambi dhidi ya jirani, hata kama siku hiyo hakuumia mtu.

7. Taasisi za Kanisa nazo ni waajiri. Mashine za kusaga, karakana za useremala na mashine za kukamua mafuta zilizomo katika parokia na shule zetu zikaguliwe kabla ya zile za wengine. Msumeno usio na kinga hauwi salama kwa kuwa ni mali ya parokia.

Tarehe 1 Mei Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Tunaomba mwaka huu siku hiyo isiishie kwenye maandamano na hotuba. Kila jumuiya iwatembelee walioumizwa kazini walio katika mtaa wake, iwaulize maswali mawili ya Torati, na majibu yao yaletwe kwa maandishi katika ofisi ya Tume, parokia kwa parokia. Tutayapeleka kwa wahusika, na tutawarudishieni jibu tutakalopewa.

Mungu, aliyetuumba kwa mkono wake, awalinde wote wanaoifanya kazi ya mikono. Amani ya Kristo iwe nanyi.